Mashine Hii Itakula Nini?

Kutoka Butembo mpaka Beni ni mwendo wa kilomita 54 hivi, na njia huteremka kidogo kidogo. Butembo iko juu, mahali pa baridi, ambapo asubuhi watu hutembea wamevaa makoti. Ukishapita Maboya na Kabasha, waanza kufungua vifungo. Na ukifika Beni, ikiwa mvua ya usiku imesafisha hewa, utaona upande wa mashariki milima ya Ruwenzori na theluji yake. Hapo Beni njia ya Mambasa hushika upande wa magharibi, na baada ya kilomita 30 hivi msafiri huingia Mangina.

Mangina ni mji mdogo ulio karibu na msitu mkubwa wa Ituri. Kando ya njia maturubai yametandazwa, na juu yake punje za kakao zinaanikwa. Harufu yake kali, kama ya siki, humlaki mgeni kabla hajashuka pikipiki. Watu wa hapa hulima kakao, mihogo na ndizi, na wengine huchimba dhahabu. Jina la mji huu lilisikika duniani kote tarehe 1 Agosti 2018, Serikali ilipotangaza kwamba Ebola imezuka hapa na pande zake. Maradhi hayo hayakutangazwa kuwa yamekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287 mashariki ya Kongo. Tena, kabla ya hayo, tangu Oktoba 2014, mauaji ya watu wasio na hatia katika nchi ya Beni yalikuwa yamekwisha kufukuza jamaa nyingi vijijini mwao.

Nasema haya, msomaji mpenzi, nisije nikadhaniwa kwamba naleta habari ya watu wenye raha. Kwa maana habari yangu ni ya vijana waliotaka kununua kompyuta ya michezo.

Vijana hao ni wa chama kimoja cha parokia. Walikuwa wamelima pamoja shamba dogo la kakao, na kwaya nayo ilikuwa imechanga. Fedha yote ikawa dola 500. Walitaka mashine moja ifanye kazi mbili. Siku za juma, vijana wacheze ukumbini mpira na mashindano ya magari ya kwenye kioo, wakilipa fedha kidogo sana, badala ya kukaa katika vilabu vya pombe. Na Dominika, mashine hiyo irekodi Misa na nyimbo za kwaya, na kuzipeleka kwa njia ya intaneti kwa ndugu waliokimbilia Beni, Butembo na Kampala. Msichana mmoja wa kwaya aliniambia, “Bibi yangu yuko Butembo kwa miaka mitatu sasa. Kila Dominika jioni anapiga simu kuniuliza ni nani aliyeimba zaburi.”

Mimi ni mwalimu, na kwa kuwa nafundisha kompyuta kidogo, waliniita nikawasaidie kuchagua. Tulikaa ukumbini baada ya Misa, juu ya mabenchi, watu kama ishirini. Mkuu wa chama, kijana mwenye akili na bidii, alitoa simu yake akatuonyesha picha ya mashine aliyoitaka: sanduku la kioo, taa za rangi nyekundu na samawati ndani yake, na kadi kubwa ya picha yenye feni tatu. Bei yake ilikuwa dola 800. Alikuwa amekwisha kufikiri namna ya kupata zile 300 zilizopungua. Mama yake, ambaye ndiye mtunza fedha wa chama, alikuwa na magunia ya kakao kavu nyumbani. Ayauze, na chama kitamlipa baadaye.

Wote walimgeukia mama. Nilijua, kwa maana alikuwa ameniambia asubuhi, kwamba magunia yale yalikuwa ya karo ya binti yake, aliye katika mwaka wa mwisho wa sekondari, na mtihani wa Serikali u karibu. Lakini hakulitaja jambo hilo mbele ya watu. Alitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu:

“Mwanangu, mashine hii itakula nini?”

Vijana wakacheka. Mkuu wa chama akasema kwa upole, “Mama, kompyuta haili.”

Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile lilinichoma. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilinunua kompyuta nzuri ya kung’aa, nikaichukua nyumbani kwa furaha, nikaiwasha kwa jenereta ndogo ya petroli. Sikuuliza itakula nini. Siku ya tisa jenereta ilitetemeka, umeme ukapanda ghafula, pakasikika mlio kama wa punje ya mahindi motoni, na moshi mweupe ukatoka nyuma ya sanduku. Nilipolifungua niliona kwamba kile kifaa cha kugawa umeme kilikuwa chepesi kama kopo tupu, ingawa karatasi yake ilisema wati 500. Kimeungua, na kimeunguza ubao mkuu na diski pamoja naye. Fedha ya miezi minne ilikwisha kwa dakika moja. Muuzaji alidanganya, ni kweli. Lakini mimi nami nilitazama taa za rangi, sikutazama mahali umeme unapoingia.

Nikawasimulia habari hiyo. Kisha nikawaambia, “Mama ameuliza swali la fundi. Kifaa hicho cha kugawa umeme, mafundi wetu waliosoma Kifaransa hukiita alimantasyo, yaani ulishaji. Basi, kompyuta hula, na chakula chake ni wati. Tuhesabu kwanza chakula kilichomo ghalani, ndipo tujue ni mgeni gani tunayeweza kumkaribisha.”

Ukumbi ule hauna waya wa umeme wa kampuni. Una paneli mbili za jua za wati 200 kila moja, na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200. Mkuu wa chama alishika chaki, nami nikamwongoza. Volti 12 mara 200 ni wati-saa 2,400. Lakini betri ya risasi haifai kunywewa mpaka mwisho. Ukiimaliza kila siku, baada ya miezi michache itakufa. Tukate nusu: wati-saa 1,200. Tena kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba hujilia ushuru wake, kama sehemu 15 katika 100. Zabaki karibu 1,000.

“Na paneli hujaza kiasi gani kwa siku?” aliuliza katekista.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta tunalo jua mwaka mzima, lakini tunazo pia mvua na mawingu. Siku njema, paneli za wati 400 hutoa nguvu yake kamili kwa muda wa saa 4 hivi: wati-saa 1,600. Siku ya mawingu twaweza kupata nusu yake tu, yaani 800. Na ukitoa ule ushuru zinabaki 680. Humo lazima utoe taa nne za ukumbi, ambazo kwa saa 4 hula kama 144, na simu ambazo jamaa za wakimbizi huja kuzitia umeme, tuseme 100. Mashine imebakiziwa 436.

Sasa tukaileta ile mashine ya picha. Kadi yake peke yake ilihitaji wati 180 wakati wa mchezo. Ukiongeza prosesa, feni na kioo, jumla hufika 330. Gawanya 436 kwa 330: saa moja na dakika kama 20. Baada ya hapo, ama ukumbi uingie gizani na simu za wakimbizi zikose umeme, ama jenereta iwashwe na petroli inunuliwe kila jioni. Mashine yenye wati 150, pamoja na kioo chake, ingefanya kazi karibu saa 3 kwa chakula kilekile, na siku ya jua zaidi ya saa 5.

Kijana alitazama ubao. Hakuna aliyemwambia neno. Baadaye alifuta “800” kwa kiganja chake, akauliza, “Mwalimu, mashine ya wati 150 inacheza mchezo kweli, au itatutia aibu?”

Hili lilikuwa swali jema, na linastahili jibu kamili, kwa faida ya wasomaji wengine pia walio na fedha kidogo.

Kompyuta ya kucheza na kurekodi ina viungo sita vya kuangalia. Wa kwanza ni prosesa, ambayo ndiyo akili inayofanya hesabu. Hapa wengi hudanganywa na jina. Muuzaji husema “Hii ni Core i5,” na mnunuzi hufurahi. Lakini kampuni ya Intel imetengeneza i5 kwa miaka mingi, na ya kale haifanani na ya karibuni. Tazama tarakimu zinazofuata kistari: i5-2400 ni ya kizazi cha pili, i5-4590 ya kizazi cha nne, i5-8500 ya kizazi cha nane. Hiyo ya nane ina viini 6, mahali ambapo zile mbili za kwanza zina 4. Wala usisome karatasi iliyobandikwa nje ya sanduku. Iwashe mashine uisome kwenye kioo.

Kizazi cha nane kina faida nyingine. Kampuni ya Microsoft iliacha kuilinda Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni yake haikubali prosesa nyingi za Intel zilizo za kabla ya kizazi hicho. Ndiyo maana maofisi mengi ya Ulaya na Marekani yameziuza kompyuta zao zilizo nzima kabisa. Mwenye mashine ya kizazi cha nne au cha sita asikate tamaa, kwa maana Linux ni ya bure na huziendesha vizuri. Lakini baadhi ya michezo haikubali Linux, na hilo ulijue kabla ya kununua.

Kiungo cha pili ni memori, meza ambayo prosesa hufanyia kazi. Gigabaiti 8 ni meza finyu kwa mwenye kucheza na kurekodi pamoja; 16 zatosha. Na ni afadhali vipande viwili vya 8 kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa wakati mmoja, kama mtu achotaye maji kwa ndoo mbili. Tangu mwisho wa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda viliielekeza kwa wingi kwenye mashine za akili bandia. Kwa hiyo ni busara kutafuta kompyuta iliyokwisha kuwa na memori ndani.

Cha tatu ni diski. Ile ya kuzunguka ni ya bei ndogo na hubeba vingi, lakini ni ya polepole, na mitikisiko ya barabara zetu huiumiza. Ile isiyozunguka, iitwayo SSD, huwasha mashine kwa nusu dakika na hula umeme kidogo. Moja ya gigabaiti 500 hubeba rekodi nyingi: Misa iliyorekodiwa kwa megabiti 6 kwa sekunde huchukua gigabaiti 2.7 kwa saa.

Cha nne ni kadi ya picha, na hapa ndipo fedha ya vijana hupotea. Tundu la ubao mkuu linaweza kulisha kadi wati 75 bila waya mwingine. Basi, kwa mashine ya ofisi, tafuta kadi isiyozidi hapo na isiyo na tundu la waya wa ziada. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 ni moja ya namna hiyo, lakini si zote zilizo na jina hilo. Nyingine zimewekewa tundu la waya, kwa hiyo igeuze uitazame. Huchezesha mpira na magari kwa utulivu, ukikubali kupunguza urembo wa picha. Kwa hiyo nilimjibu kijana yule kwamba mashine yao isingewatia aibu.

Tena uliza jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui: je, kadi hii yaweza kukunja video? Maana picha za Misa ni nyingi mno kupita katika intaneti zilivyo. Lazima zikunjwe, kama mama akunjavyo nguo nyingi ziingie katika sanduku dogo la safari. Kuna kadi za bei nafuu zisizo na kiungo hicho, kama GeForce GT 1030. Mwenye kuinunua kwa ajili ya kurusha picha amenunua nyumba isiyo na mlango. Lakini prosesa nyingi za Intel tangu mwaka 2011 zina kiungo cha kukunja video ndani yake, ikiwa zina sehemu ya picha. Na programu iitwayo OBS Studio, ambayo ni ya bure, hujua kukitumia. Kwa hiyo chama chetu kingeweza kurekodi kwaya hata kabla ya kupata kadi yoyote.

Cha tano ni ubao mkuu, unaounganisha vyote. Chunguza vile vikopo vidogo vilivyosimama juu yake: kilichovimba au kuvuja ni dalili ya ugonjwa. Cha sita ni hiyo alimantasyo, niliyoiacha mwisho ingawa ndiyo ya kwanza. Za mashine za ofisi mara nyingi ni imara na hazisemi uongo juu ya wati zake. Ila nyingi zina umbo lake zenyewe, na ikifa si rahisi kupata ya kuibadili. Kwa hiyo ilinde: usiiwashe kwa jenereta bila kifaa cha kutuliza umeme katikati.

Juma lililofuata tulikutana Butembo, mimi, mkuu wa chama, na kijana mwingine aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu kabla ya kuingia katika kwaya. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana mbali. Huagiza vitu toka Dubai na Guangzhou, na makontena hushuka Mombasa, hupita Kenya na Uganda, na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Tulizunguka maduka tangu saa 3 asubuhi. Tulimwomba kila muuzaji mambo matatu: afungue sanduku, aiwashe mashine, atuache tuitumie saa nzima tukiwa tumekaa hapo. Wawili walikasirika, nasi tukawashukuru tukaondoka. Wa tatu, mzee mtaratibu, alituletea viti.

Alipofungua sanduku na kuchomoa kipande cha memori, yule aliyekuwa mchimbaji aliinama, akatazama ukingo wake unaong’aa, akasema kwa sauti ndogo, “Lakini hii ni dhahabu.”

Alisema kweli. Meno ya memori na ya kadi hupakwa dhahabu, kwa kuwa haishiki kutu. Ni utando mwembamba mno, usioweza kumtajirisha mtu. Na katika vifaa vingi vya umeme mna tantali, itokayo katika koltani, ambayo huchimbwa huko Rubaya katika nchi ya Masisi, mahali palipotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Kijana aliuliza kama dhahabu ile ilitoka kwao Mangina. Hakuna awezaye kujua. Huyeyushwa na kuchanganywa mbali sana, na hurudi kwetu haina jina. Lakini aliishika memori ile kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye kitu cha jamaa yake, akairudisha mahali pake bila kuigusa meno.

Hayo yanatukumbusha Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyetangazwa huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, na mwaka 2007 aliuawa kwa sababu alikataa rushwa, asikubali vyakula vilivyoharibika viuzwe kwa watu. Kila muuzaji anayebandika karatasi ya uongo juu ya kifaa amtazame Mkristu huyu, aliyeona kwamba kitu kinachopita mikononi mwetu kitafika mezani pa mtu mwingine.

Tulinunua kompyuta ya ofisi, kubwa ya kusimama, yenye i5-8500, memori 16 katika vipande viwili, na SSD. Tulinunua kioo kilichotumika, kamera ndogo, na kadi moja ya wati 75 isiyo na tundu la ziada. Kifaa cha kutuliza umeme hatukukiacha. Mkuu wa chama alihesabu mara mbili: zilibaki dola 21. Nilidhani atataka taa za rangi. Akanunua turubai la kufunikia mashine, kwa sababu ya vumbi na mende, na zilizobaki akamrudishia mama yake kama mtunza fedha, pamoja na karatasi za malipo.

Magunia ya kakao hayakuguswa kwa ajili ya mashine. Yaliuzwa kwa wakati wake, na binti akalipiwa karo.

Yabaki neno juu ya kurusha Misa moja kwa moja. Kwa picha ya kadiri, intaneti lazima ipandishe megabiti 3 hivi kwa sekunde bila kukatika, na saa moja hula gigabaiti 1.35. Misa ya sikukuu ya saa mbili hula 2.7. Mtandao wa simu haukutulia kiasi hicho, na fedha ya chama isingetosha kila Dominika. Starlink ilipata kibali nchini Kongo mwezi wa Mei 2025, na labda siku moja parokia itajipatia. Lakini tusijenge juu ya labda. Basi vijana wamechagua kurekodi Misa nzima na kuitunza, kisha kukata mahubiri, zaburi na wimbo mmoja, na kuvituma usiku, mtandao unapokuwa na watu wachache. Bibi aliye Butembo hapokei Misa ile saa ileile, wala kusikiliza rekodi si sawa na kushiriki Misa. Lakini Dominika usiku ameisikia zaburi, na kwa mara ya kwanza hakupiga simu kuuliza ni nani aliyeimba. Alipiga kusema kwamba sauti ya pili iliharakisha.

Kwa habari ya michezo, wazazi wengi huogopa, nao hawana kosa. Kioo kina utamu wake, na kijana aweza kuzama humo mpaka asahau shule, shamba na sala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulifundisha kwamba vyombo hivi ni vyema vikitumiwa vyema, na kwamba mwenye kuvitumia ana wajibu wa kujitawala. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta sana na alipenda michezo pia. Lakini alijiwekea mpaka wa saa moja kwa juma. Vijana wa Mangina wameandika kanuni yao mlangoni: hakuna mchezo kabla ya kazi ya shule, hakuna mchezo saa ya sala, hakuna mchezo ulioibwa kwa kunakiliwa, na kila mtu aende nyumbani kabla ya giza, kwa kuwa njia za usiku si salama. Wana mchezo wa magari wa bure uitwao SuperTuxKart, na watoto wanaupenda kuliko mingine.

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Mara nyingi tumelisikia fundisho hilo kanisani, na tukadhani ni la majengo tu. Lakini ni la shamba pia, na la arusi, na la pikipiki, na la kompyuta. Kila kitu tunachokileta nyumbani kitataka kula kesho na kesho kutwa, na mara nyingi anayekilisha si yule aliyekitamani. Ni mama mwenye magunia mawili, ni dada mwenye mtihani, ni mkimbizi aliyekuja kutia umeme simu yake.

Nilipoondoka Mangina mara ya mwisho, yule mama alinipa mfuko wa ndizi za njiani. Nikamwambia kwamba swali lake limewaokoa vijana. Akasema, “Mwalimu, mimi sijui kompyuta. Nimelea watoto sita, basi najua kuuliza hilo.”